Madaraja 27 ya Mau: Nani Aliyeyajenga?

Katika ukurasa huu wa nchi jirani tumezoea kuandika juu ya mishahara, mikataba na mikutano ya vyama vya wenzetu. Safari hii tunaandika juu ya chuma. Huko Kenya, kati ya Nakuru na Kisumu, reli hupanda milima ya Mau, kisha huteremka upande wa pili mpaka ziwani. Katika kipande kimoja cha njia hiyo, cha maili 70 hivi, yalijengwa madaraja 27 ya chuma yenye miguu mirefu, yakivuka makorongo ambayo mtu akitazama chini hushikwa na kizunguzungu. Lililo refu kuliko yote lilipita futi 800. Lililo juu kuliko yote lilipita futi 100, yaani nyumba ya ghorofa kumi hivi ingeweza kusimama chini yake.

Habari ya madaraja hayo husimuliwa kwa maneno machache: Wamarekani walikuja mwaka 1901, wakayasimamisha kwa haraka ya ajabu, wakaenda zao. Maneno hayo si uongo. Lakini ni kama kusema kwamba sukari hutengenezwa na mashine. Sisi tunaojua ni nani hukata miwa alfajiri tuna haki ya kuuliza zaidi.

Na kwa Waganda na watu wote wa Uganda jambo hili si la ugenini. Madaraja hayo yalipokuwa yakijengwa, milima ya Mau ilihesabiwa kuwa ndani ya Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ya Waingereza ulienea mpaka Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa huo ulikatwa ukatiwa katika himaya yao ya Afrika ya Mashariki, nchi ambayo tangu 1920 imeitwa Kenya. Wenyeji hawakuulizwa, si upande huu wala upande ule. Basi ile iliyoitwa Reli ya Uganda ilifika ziwani Desemba 1901 ikiwa ndani ya Uganda, na baada ya miezi michache ikajikuta yote iko nje, ingawa jina lilibaki.

Kwa nini daraja, si tuta?

Mtu apandaye mlima huinama, hushika mti, hupumzika. Gari la moshi haliwezi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma ni laini mno, halishiki kama tairi ya lori inavyoshika barabara. Ndiyo sababu injini moja huweza kuvuta mzigo mkubwa mahali pa tambarare, na ndiyo sababu pia mlima mdogo huishinda. Njia ikipanda mita 2 tu katika kila mita 100, tayari injini inaguna. Ikipanda zaidi, magurudumu huzunguka papo hapo bila kwenda mbele.

Sasa tazama Mau. Kilele cha njia kipo zaidi ya futi 8,000 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu, ukingoni mwa ziwa, ni chini ya futi 4,000. Kwa hiyo njia lazima ishuke zaidi ya futi 4,000, na ishuke polepole, ikifuata ubavu wa mlima. Lakini ubavu wa Mau haukunyooka. Vijito vinavyolisha Mto Nyando vimeukatakata kama kisu kinavyokata mkate. Kila baada ya mwendo mfupi njia inakutana na korongo. Ukishuka ndani ya korongo na kupanda tena, umepoteza ile teremko ya polepole uliyoitafuta kwa shida. Ukizunguka, njia inakuwa ndefu mara mbili. Kwa hiyo lazima uvuke juu kwa juu.

Kuvuka juu kwa juu kuna namna tatu. Ya kwanza ni tuta la udongo. Tuta la kimo cha futi 100 linataka udongo mwingi ajabu, kwa sababu kadiri linavyokwenda juu ndivyo chini linavyotanuka. Tena Mau ni nchi ya mvua, na tuta jipya la udongo likilowa huteleza, likaenda na reli pamoja na mataruma. Na kijito kilicho chini kinataka njia ya kupita. Ukikiziba kwa kalvati ndogo, siku ya mafuriko kitakuonyesha.

Ya pili ni daraja la mawe, kama yale ya Ulaya yenye matao. Hayo ni mazuri na hudumu, lakini yanataka machimbo ya mawe, waashi mamia na miaka. Ya tatu ni daraja la miguu ya chuma. Hili halizuii kijito, halizuii upepo, na uzito wake ni mdogo ukilinganisha na jiwe. Sehemu zake zinaweza kutengenezwa kiwandani mbali kabisa, zikaletwa vipande vipande na kufungwa pale pale. Waingereza walichagua hili la tatu. Walikuwa na haraka, na fedha zilizoidhinishwa zilikuwa zinakwisha.

Milango iliyofungwa Uingereza

Hapa ndipo habari inapotuhusu sisi wa vyama vya wafanyakazi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 kwa fedha za serikali ya Uingereza. Mtu angetazamia kwamba injini na madaraja yote yatoke huko huko Uingereza, nchi iliyojisifu kuwa karakana ya dunia. Kwa nini basi chuma cha Mau kikatoka Marekani?

Mwaka 1897 mafundi mitambo wa London, kwa njia ya chama chao, walidai kazi ya saa nane kwa siku. Mgomo ulianza katika viwanda vichache. Chama cha waajiri kikajibu kwa kufunga milango nchi nzima: tangu Julai 1897 maelfu ya mafundi, hata wale ambao hawakugoma, walitupwa nje bila mshahara. Walivumilia mpaka Januari 1898, karibu miezi 7, wakila akiba ya chama na michango ya wenzao. Mwisho walirudi kazini bila kupata saa nane zao.

Viwanda vilipofunguliwa, maagizo yalikuwa yamelundikana. Kamati ya Reli ya Uganda, iliyokaa London, ilitaka injini na ikaambiwa ingoje. Haikungoja. Ilinunua injini 36 kutoka kiwanda cha Baldwin cha Philadelphia, Marekani. Tangu siku hizo imeandikwa mara nyingi kwamba mgomo wa wafanyakazi ndio uliochelewesha Reli ya Uganda. Sisi tunasoma habari hiyo kwa namna nyingine. Waliofunga milango ya viwanda nchi nzima kwa miezi 7 walikuwa waajiri, na lililowafanya wafunge ni saa nane za kazi.

Madaraja ya Mau yalipotangazwa kwa zabuni, mambo yakawa yale yale. Kampuni za Uingereza zilitaka fedha nyingi zaidi na muda mrefu zaidi. Kampuni ya American Bridge ikaahidi kwa bei nafuu na muda mfupi, ikapewa kazi. Kelele zilipigwa Uingereza, kwamba kodi ya Mwingereza inakwenda kumnufaisha Mmarekani. Lakini lilikwisha kutokea kabla: mwaka 1899 kiwanda cha Pencoyd cha Philadelphia kilitoa daraja la Mto Atbara kule Sudan, kikiwashinda Waingereza kwa sababu hiyo hiyo ya haraka.

Na hiyo American Bridge ilikuwa nani? Iliundwa mwaka 1900 kwa kuunganisha kampuni zaidi ya 20 za madaraja, Pencoyd ikiwa mojawapo, chini ya fedha za tajiri J. P. Morgan. Mwaka 1901 ikamezwa na kampuni kubwa zaidi ya chuma, U.S. Steel, mali ya Morgan yule yule. Tusidhani basi kwamba haraka ya Wamarekani ilitokana na wafanyakazi wao kutendewa vema kuliko wa Uingereza. Katika mwaka huo huo wa 1901, wakati chuma kilipokuwa kikisimama Mau, wafanyakazi wa viwanda vya U.S. Steel waligoma wakitaka chama chao kitambuliwe, wakashindwa. Mwaka 1905 chama cha mafundi wa madaraja kiligoma dhidi ya American Bridge yenyewe. Kampuni ikakataa kabisa kuajiri kwa makubaliano na chama, na uadui huo ukaendelea miaka mingi.

Haraka yao ilikuwa na siri nyingine. Viwanda vya Uingereza vilikuwa na desturi ya kuchora kila daraja upya, kila moja na vipimo vyake. Wamarekani walitumia vipande vya aina chache, vinavyofanana, vikirudiwa mara nyingi. Mguu wa daraja la kwanza na mguu wa daraja la ishirini ni ndugu. Hutofautiana kwa urefu tu. Mashine ikishapangwa kutoboa bamba moja, itatoboa mia. Kila kipande huwekwa alama kabla ya kupakiwa melini, ili fundi aliye porini asome alama na kujua kinakwenda wapi. Wenzetu wa viwandani mnaifahamu kazi ya namna hiyo, faida yake na uchovu wake.

Jinsi daraja linavyosimama

Chuma kilivuka bahari mpaka Mombasa, kikapakiwa kwenye mabehewa na kusafiri karibu maili 500 juu ya reli iliyokuwa bado mbichi. Wakati huo njia haikungoja madaraja. Penye korongo ilipindishwa ikashuka kwa njia ya muda, ikavuka chini kwa magogo, ikapanda tena. Treni za vifaa zilijikongoja hapo huku daraja la kudumu likijengwa juu. Ndivyo ilivyowezekana reli kufika ziwani Desemba 1901 wakati kazi za kumalizia zikiendelea mpaka 1903.

Kitu cha kwanza ni msingi, na msingi ni kazi ya sururu na sepeto. Chini ya kila mguu huchimbwa shimo mpaka ipatikane ardhi ngumu, kisha hujengwa kiguzo kifupi cha mawe au zege, na juu yake hupandwa skrubu nene za kushika mguu. Kiguzo kimoja kikiwa juu kuliko mwenzake hata kwa upana wa kidole, mnara wote utasimama upande. Kazi hii ilifanywa na waashi na vibarua wa reli, na ilibidi iwe tayari kabla fundi wa chuma hajafika. Katika picha za madaraja haionekani kabisa, kwa sababu imo ardhini.

Juu ya misingi husimama minara. Mnara una miguu minne. Ukiutazama kutoka mwisho wa daraja utaona miguu imetanuka chini na kukaribiana juu, kama mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi akipanua miguu asianguke. Kutanuka huko ni kwa ajili ya upepo, na kwa ajili ya treni inayopita penye kona, ambayo husukuma daraja upande wa nje. Ukiutazama kutoka ubavuni utaona miguu imefungwa miwili miwili kwa vyuma vya kukingama, mfano wa herufi X. Hivyo ni kwa ajili ya breki. Treni yenye mzigo ikifunga breki juu ya daraja, nguvu yote ile ya kutaka kwenda mbele huingia katika reli, kutoka reli huingia katika boriti, na kutoka boriti hushuka miguuni. Miguu isiyofungwa pamoja ingelala kama mahindi penye upepo.

Kati ya mnara na mnara huwekwa boriti za chuma, na juu ya boriti huwekwa mataruma na reli. Wajenzi wa Marekani wa enzi zile walitumia kreni yenye mkono mrefu iliyotembea juu ya sehemu iliyokwisha jengwa. Inafika ukingoni, inanyosha mkono hewani, inashusha miguu ya mnara unaofuata, mafundi wanaifunga, boriti inalazwa, kreni inasogea mbele. Daraja linajijenga lenyewe kama buibui anavyotembea juu ya uzi anaoutoa tumboni. Hakuna haja ya kujaza korongo kwa jukwaa la miti.

Kilichoshika vyote hivyo pamoja ni ribiti, msumari mfupi mnene wa chuma wenye kichwa. Siku hizi tunatumia bolti na kuchomelea, na vijana wengi hawajaona ribiti ikipigwa, kwa hiyo tueleze. Kazi ni ya watu wanne. Wa kwanza anakaa na tanuru dogo la makaa, anapasha ribiti mpaka iwe nyekundu. Akiona imeiva huishika kwa koleo na kuirusha hewani kwa mwenzake, anayeidaka kwa ndoo na kuitia tunduni, pale mabamba mawili yalipolaliana. Wa tatu anakandamiza kichwa chake kwa chuma kizito. Wa nne, upande wa pili, anaipiga kwa nyundo ncha iliyotokeza mpaka nayo iwe kichwa. Yote haya lazima yaishe ribiti ikiwa bado nyekundu. Ikipoa hunywea, na katika kunywea huyabana mabamba kwa nguvu isiyopatikana kwa mkono wa mtu. Sasa weka watu wanne hao juu ya ubao mwembamba, futi 100 kutoka ardhini, asubuhi ya ukungu wa Mau wakati chuma kimelowa na vidole vimekufa ganzi.

Jambo jingine dogo ambalo mgeni hulishangaa: daraja halikufungwa kabisa mwisho hadi mwisho. Chuma hutanuka penye joto. Daraja la chuma la mita 250, likipashwa na jua nyuzi 20 zaidi ya baridi ya alfajiri, hurefuka kwa sentimita 6 hivi. Zisipoachwa nafasi za kulipa daraja pumzi, litasukuma kuta zake au litajikunja lenyewe.

Waliobaki nje ya picha

Wamarekani waliokuja Mau walikuwa kikosi kidogo, mafundi wa chuma chini ya mhandisi wao A. B. Lueder. Walijua kazi yao, na hatuwanyimi sifa. Lakini kikosi kidogo hakiwezi kuchimba misingi ya madaraja 27, kuvunja mawe, kushusha shehena, kulaza reli na kukata miti ya njia za muda. Hao waliofanya hayo walikuwa wengi, nao walitoka mbali.

Karibu watu 32,000 waliletwa kutoka Uhindi kujenga Reli ya Uganda, wengi wao kutoka Punjab, kwa mkataba wa miaka mitatu. Mkataba haukuwa kama wetu wa leo. Mtu alitia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, na kuacha kazi lilikuwa kosa la kupelekwa mahakamani. Karibu 2,500 walikufa. Reli nzima ilikuwa na maili 582, kwa hiyo ni zaidi ya watu wanne kwa kila maili. Wengine zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wagonjwa au vilema. Watu 6,700 hivi walichagua kubaki, wakawa maseremala, wahunzi, makarani na wenye maduka.

Kila mtu amesikia habari za simba wa Tsavo waliokula vibarua mwaka 1898. Simba wamepata sifa kubwa kupita kiasi. Waliokufa kwa simba walikuwa makumi. Malaria, kuhara damu na vidonda viliwachukua maelfu, ila vidonda havisimuliwi jioni. Patterson, mhandisi aliyejenga daraja la Tsavo na kuwapiga simba wale, ameandika pia jambo ambalo watu huliruka. Waashi wake walilipwa rupia 45 kwa mwezi, wakati kibarua wa kawaida alipata 12. Patterson alipoona kwamba wengine si waashi wa kweli, akaanza kulipa kwa kadiri ya kazi, kila jiwe na bei yake. Waashi wakakasirika, na kwa maelezo yake walikula njama ya kumwua. Hatusifu njama za kuua. Lakini ugomvi wa kulipwa kwa siku au kwa kipande ulikuwako kwenye reli hii kabla haijafika Nairobi, na wenzetu wa mashamba ya chai wanaolipwa kwa kilo wanaujua vilivyo.

Na Waafrika? Walikuwako tangu siku ya kwanza. Waswahili na Wanyamwezi walibeba maji, chakula na vifaa mbele ya reli, mahali ambapo treni haijafika, na njia ilipokaribia ziwa watu wa pande hizo nao waliajiriwa kulima tuta. Hesabu ya vifo inayotajwa katika vitabu ni ya Wahindi, kwa kuwa wao walikuwa na mikataba na serikali yao ilidai taarifa. Mpagazi aliyeanguka njiani hakuwa na mtu wa kumdai.

Yafaa tukumbuke pia kwamba mwaka 1900 kulikuwa na mgomo kwenye reli hii hii, kule Mombasa. Makhan Singh, mwanzilishi wa chama cha wafanyakazi wa Kenya mwaka 1935, ambaye baadaye wakoloni walimfunga kizuizini zaidi ya miaka kumi, ameutaja katika historia yake. Ulianzishwa na wafanyakazi wa Kizungu wa vyeo vya chini, na kwa maoni yake huenda Wahindi na Waafrika waliungana nao.

Wenye nchi

Mau haikuwa nchi tupu iliyokuwa ikingoja chuma. Ilikuwa na Waogiek wa msituni, Wakipsigis, Wamaasai, na kaskazini mwa njia walikuwako Wanandi. Wanandi walichukua waya za simu wakatengeneza mapambo, wakachukua bolti za reli wakafua silaha. Katika vitabu vya wakoloni hilo limeandikwa kuwa wizi. Lakini mtu akijenga njia katikati ya shamba lako bila kukuuliza, kisha ukang'oa msumari wake, mahakama ya kwanza ingepaswa kumwita yeye. Mapambano yalikwenda mwaka hadi mwaka. Tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na akauawa huko huko na ofisa wa Kiingereza, Meinertzhagen. Baada ya hapo Wanandi waliokaa karibu na reli walihamishwa kwa nguvu.

Kisha likaja jambo ambalo ndilo faida ya reli kwa waliokuwa nayo. Reli lazima ipate mizigo ili ilipe gharama zake. Nchi nzuri ya juu, Njoro, Molo, Londiani, ikagawiwa walowezi. Wenyeji wakawa vibarua kwenye ardhi ya baba zao, wakipakia kwenye mabehewa ngano, maziwa na baadaye pareto. Chai ya Kericho ilipoanza, stesheni yake ilikuwa Lumbwa, ambayo leo inaitwa Kipkelion. Chini, upande wa ziwa, yakaja mashamba ya miwa ya Muhoroni na Chemelil.

Sisi wa Uganda tuliletewa pamba. Kuanzia miaka ya 1903 na 1904 mbegu ziligawiwa kwa wakulima, na kwa miaka zaidi ya 25 robota za pamba ya Uganda zilivuka ziwa kwa meli mpaka Kisumu, zikapakiwa kwenye treni na kupanda juu ya madaraja ya Mau kuelekea Mombasa. Mkulima wa Busoga hakuwahi kuyaona, lakini kila robota yake ilipita juu yake. Hali hiyo ilibadilika reli mpya ilipojengwa kutoka Nakuru kupitia Eldoret na Tororo. Daraja la Jinja juu ya Mto Nile lilipofunguliwa mwaka 1931 treni zikafika Kampala moja kwa moja, na njia ya Mau ikawa tawi la kwenda Kisumu tu.

Tawi hilo limeona heri na shari. Shirika la reli la pamoja lilivunjika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipokufa mwaka 1977, na wafanyakazi wa nchi tatu wakagawanywa kama mabehewa. Baadaye malori yaliinyang'anya reli mizigo, nyasi zikaota kati ya mataruma, na treni ya abiria ya Kisumu ikasimama kwa miaka. Desemba 2021 ilirudi, baada ya njia ya kutoka Nakuru kukarabatiwa.

Kukarabati ni kulaza mataruma mapya na kumwaga kokoto. Daraja la chuma linataka jambo jingine zaidi, nalo ni watu wa kulitembelea bila kuchoka. Kutu hulala pale maji yanaposimama, kwenye maungio na chini ya mataruma, kwa hiyo rangi lazima ikwanguliwe na kupakwa upya. Ribiti nazo hulegea, kwa kuwa kila treni ipitayo huzitikisa. Mtu wa genge hupita na nyundo ndogo, akiigonga moja moja, huku kidole chake kikiwa upande wa pili wa kichwa cha ribiti. Iliyo nzima hutoa mlio mkali na kidole hakisikii kitu. Iliyolegea hutoa mlio mfu, na kidole huhisi mtikisiko. Mara nyingi jicho huiona hata kabla ya nyundo, kwa mchirizi mwekundu wa kutu unaoshuka chini yake. Huiwekea alama ya chaki, huandika namba ya mnara na ya mguu katika daftari lake, kisha husogea kwenye ribiti inayofuata.